Kahawa isiyobadilisha kitu: kwa nini riwaya hii imenituliza msibani?

#1 Mama_Kihamba
Wakuu, salaam. Nina swali linalonisumbua.

Mdogo wangu wa kunifuata alifariki mwaka jana mwezi wa saba, ajali ya barabarani. Baada ya ibada ya arobaini nilirudi Dar nikiwa sisomi, silali, hata redio yangu naisikia kama iko kwa jirani. Mwenzangu kazini akaniachia kitabu mezani: Before the Coffee Gets Cold cha Mjapani Toshikazu Kawaguchi. Kwa ambao hawajakisoma: Tokyo kuna mgahawa wa kahawa ulio chini ya ardhi, hauna dirisha, una saa tatu ukutani na kila moja inasema lake. Ukikaa kwenye kiti fulani, msichana aitwaye Kazu akakumiminia kahawa, unarudi siku zilizopita. Ila masharti sasa! Usiinuke kitini. Utamkuta tu mtu aliyewahi kufika mgahawani humo. Kahawa uimalize kabla haijapoa, la sivyo utabaki mzimu. Na lililo kubwa kuliko yote: lolote utakalofanya huko halitabadilisha chochote huku.

Hadithi ya tatu ni ya Hirai. Kwao Sendai wana nyumba ya wageni ya ukoo, yeye kaikimbia, anafanya biashara Tokyo. Mdogo wake Kumi kila mara anamfuata kumsihi arudi nyumbani. Mara ya mwisho Hirai anajificha ili wasionane. Kumi anaacha barua, anaondoka, anafia njiani kwa ajali ya gari.

Nilifika hapo nimesimama jikoni nasubiri maharage. Yaliungua yote, nilistushwa na moshi.

Mdogo wangu alikuwa ananipigia nirudi Marangu tumuuguze mama na tushike kihamba, shamba letu la ukoo. Siku mbili kabla ya ajali alipiga, nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi.

Usiku ule niliomaliza kitabu nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu msiba. Sasa naomba mnieleze. Kitabu kinasema wazi kwamba marehemu haokolewi. Kwa nini basi uchawi usioweza kitu ndio ulionituliza?

#2 Baba_Pendo
Pole sana dada. Mungu amlaze mdogo wako mahali pema.

Mimi naona jibu ni hayo masharti. Msiba wowote una masharti. Unaambiwa kaa hapa, nyoa, usipike, wageni watalala huku, siku ya tatu kinafanyika hiki, ya arobaini kile. Hakuna hata moja linalomrudisha mtu, ila kila moja linakupa pa kuweka mguu. Ukishamaliza arobaini ukapanda basi ukarudi mjini, masharti yamekwisha na wewe hujaisha kulia. Kitabu kimekupa masharti mengine.

#3 kahawachungu
Naungana na #2. Kwetu Unguja mjane ana eda, miezi minne na siku kumi. Mamangu alipofiwa na baba nilikuwa kijana, nikaona ni kifungo. Yeye mwenyewe alinambia baadae kuwa siku ilipotoka eda ndo alilia kweli, maana hakukuwa tena na wa kumwambia akae wapi.

Na tusisahau kahawa yenyewe. Msiba gani wa pwani usio na kahawa? Wanaume wamekaa kwenye mikeka nje, mtu anapita na dele na vikombe vidogo, hakuna anayesema jambo. Kitabu hicho ni matanga ya watu wanne wanne.

#4 MsomajiMkali
Poleni wafiwa. Nitakuwa mkweli: kitabu hiki nilikisoma kwa tabu. Masharti yanarudiwa kila hadithi kama tumesahau. Watu wanaingia, kengele inalia, wanakaa, wanatoka. Maelezo ni makavu. Naona kinachotuliza si kitabu, ni machozi. Mleta uzi angesoma hata barua ya benki siku ile angelia, na kulia kunaleta usingizi.

#5 Mtafsiri_K
@MsomajiMkali, kuna sababu ya hayo uliyoyaona. Ilianza kama mchezo wa jukwaani, mwandishi ni mtu wa tamthilia. Ndiyo maana kila kitu kiko chumba kimoja na wahusika wanaingia na kutoka. Riwaya ilitoka Japani 2015, Kiingereza 2019. Hukumu yako juu ya lugha naikubali nusu: ukiisoma kama unaangalia jukwaa, kurudia masharti kunakuwa kama kiitikio, unajua kinakuja na unakisubiri.

Japani wana jina kabisa la kazi za aina hii, iyashikei, yaani za kuponya au kutuliza. Zina paka, duka la vitabu, supu, mgahawa. Uchawi upo lakini mdogo, wa kuenea kikombeni.

#6 Bint_Malindi
Pole dadangu. Mimi hilo neno uchawi ndilo linanikwaza. Niliwahi kumsimulia shangazi kitabu hiki, nikasema ni hadithi ya uchawi na familia. Akashika kifua. Kwetu mchawi ni mtu wa kuua na kufilisi, sihiri ni dhambi kubwa, na maiti haitwi kwa kikombe. Ikabidi nimweleze upya bila kutaja neno hilo, na akapenda sana, hasa ile ya mume aliyemsahau mkewe.

Mnaitaje uchawi usio na madhara? Mazingaombwe ni ya jukwaani, kutoa njiwa kofiani. Uganga ni wa kutibu. Muujiza ni wa Mungu.

#7 Baba_Pendo
Kiinimacho?

#8 Bint_Malindi
Kiinimacho ni kudanganya macho. Kazu hadanganyi mtu.

#9 kahawachungu
Sie babu zetu walisema mizungu, ila leo ukisema mizungu vijana watadhani watalii.

#10 Nesi_wa_Zamu
Nimesoma michango yote. Naomba nizungumzie hadithi ya pili, aliyoigusa Bint_Malindi. Kohtake ni muuguzi kama mimi. Mumewe Fusagi anapoteza kumbukumbu, imefika mahali hamjui tena kama ni mkewe, anamwona kama nesi tu. Naye, ili asimsumbue, anakubali kuwa nesi. Anarudi nyuma kuchukua barua ambayo mume aliiandika akiwa bado anajitambua. Mle anamwomba asiwe nesi wake, awe mke, na kama ndoa itamwelemea, amwache.

Mimi nilimuuguza baba yangu miaka mitatu na ugonjwa huohuo. Nilivaa sare hata nyumbani, kwa sababu akiona sare anakubali kunywa dawa, akiniona na khanga ananifukuza, anauliza huyu mwanamke ni nani chumbani mwangu. Siku moja nilivaa khanga makusudi nikakaa naye. Alinifukuza, nikatoka, nikarudi na chai. Mara ya tatu akanisogezea kiti.

Kwa hiyo @MsomajiMkali, maelezo ni makavu kwa asiyejua. Mimi sikuhitaji mwandishi anieleze chumba kile kinanukaje.

#11 MsomajiMkali
Nesi, nimekuelewa na naondoa neno la barua ya benki. Limekuwa zito bila sababu. Mama_Kihamba samahani.

Ila nina hoja moja siiachi. Ya Kei. Mwanamke ana moyo dhaifu, kuzaa kutamuua, na hadithi nzima inatutaka tufurahi kwamba anarudi nyuma kuonana na mtoto. Kwa nini kila mara mwanamke ndiye anayetoa?

#12 Mtafsiri_K
Kei harudi nyuma, anakwenda mbele. Ndiye peke yake katika kitabu cha kwanza. Alitaka miaka 10 mbele, wakakosea, akafika miaka 15, akamkuta bintiye Miki amekuwa msichana mkubwa. Hilo la wanawake kutoa ni hoja ya haki na nimeisikia kwa wasomaji wengi. Ila ona pia kwamba mumewe Nagare, lile pande la mtu, kazi yake yote ni kupika na kuumia kimyakimya.

#13 Mwana_Lubumbashi
Salaam toka Kongo. Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, Tant que le café est encore chaud. Huku kwetu kwenye kilio watu wanakuja kukaa, hata usiku, wanaimba, wanakula, wanacheza karata. Mfiwa haachwi peke yake. Sasa mtu akiwa mbali, Ulaya ama Kanada, kilio anakifuatia kwenye simu. Dada yangu yuko Ubelgiji, mama alipokufa hakupata viza. Nilimtumia kitabu hiki. Aliniambia kitu kimoja: wale wateja wa mgahawa wote wanajuana habari zao. Hirai akirudi toka kwenye kiti, kuna mtu wa kumwangalia usoni. Alilia kwa ajili ya hao, si kwa ajili ya kiti.

Kwa hiyo maelezo yangu: si masharti, si kahawa. Ni watu walioko ndani.

#14 Njombe_Baridi
Ninyi hamjajiuliza la msingi: mtu ana dakika ngapi? Leo asubuhi nimepima. Kikombe cha kaure, kahawa imetoka jikoni inachemka, nimekaa nacho mezani bila kukigusa, kila dakika natia ncha ya kidole kidogo. Dakika ya sita bado inauma. Ya tisa vuguvugu. Ya kumi na mbili utando mwembamba umejikusanya ukingoni, na ukiigusa ni baridi ya kuchukiza. Dirisha lilikuwa wazi na ukungu ulikuwa unaingia. Nilikaa nikijiuliza ningemwambia nini babu ndani ya dakika kumi na mbili, nikaona robo tatu ningemaliza kwa salamu.

#15 Baba_Pendo
Hahaha, Njombe dakika kumi na mbili. Hapa Dar mwezi wa pili kahawa haipoi kabisa, ungekaa na marehemu mpaka yeye mwenyewe aombe kuondoka.

#16 Muscat_Kwetu
Huku Oman finjani inatiwa kidogo tu, chini ya nusu, ya iliki. Ukitosheka unaitikisa, usipoitikisa unajaziwa. Kwa mtindo huo safari ingekuwa funda mbili, ukitikisa kikombe umerudi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pemba, akafia huku. Hakuwahi kurudi. Ningepewa finjani moja ningempeleka yeye, si mimi.

#17 Njombe_Baridi
@Muscat_Kwetu, sharti linakataa. Bibi kwanza awe amewahi kufika mgahawani.

#18 Muscat_Kwetu
Najua. Nilitaka kulisema tu.

#19 Msafiri_wa_Treni
Nadhani mnasahau historia. Japani walipigwa na tsunami Machi 11, 2011, watu zaidi ya elfu kumi na tano walikufa, maelfu hawakuonekana. Baada ya hapo mzee mmoja akajenga kibanda cha simu bustanini kwake, simu haina waya, watu wanakwenda kuzungumza na marehemu wao. Kitabu hiki kimetoka humohumo. Hata nyumba ya wageni ya kina Hirai iko Sendai, eneo lililopigwa.

#20 Mtafsiri_K
Kibanda kipo kweli, Otsuchi, mkoa wa Iwate, wanakiita simu ya upepo. Ila tarehe umeigeuza. Mzee Itaru Sasaki alikiweka 2010, kabla ya tsunami, kwa sababu binamu yake alikuwa amefariki na yeye alitaka pa kusemea. Ulipokuja msiba wa 2011, watu wengine wakaanza kufika. Na riwaya kuisema imetoka huko ni kukisia, kifo cha Kumi ni cha gari, si cha maji. Ninalokubali ni kwamba wasomaji wa 2015 walikuwa na mengi ambayo hawakuwahi kuyasema kwa watu wao.

#21 Msafiri_wa_Treni
Asante, nimejifunza. Basi hata hivyo inanipa jibu langu. Sasaki hakungoja msiba wa taifa, alikuwa na binamu mmoja tu. Simu haikuunganishwa popote na yeye anajua. Tatizo la mfiwa ni maneno yamebaki mdomoni. Yanahitaji mahali pa kutua, na si lazima pawe na sikio.

#22 kahawachungu
Hapo mie nakataa kidogo. Maneno ya kutua bila sikio ni upepo. Sisi tunasoma Yasin kwa sababu tunaamini inafika.

#23 Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, nami nichangie. Tusidhani mambo haya ni mageni katika Kiswahili. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze ana ndugu waliogeuzwa manyani, na Adili ndiye anayelazimika kuwapiga kila usiku, huku anawapenda. Kama kuna hadithi ya uchawi, familia na huzuni, ni ile. Na Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, babu anamtokea mjukuu aliyenona kwa mali ya watu.

Lakini angalieni tofauti. Wafu wetu wanaporudi, wanakuja kutuhoji. Umefanyaje na shamba, umefanyaje na jina. Wafu wa Mjapani huyu wamekaa wanakusubiri, hawajui hata kama wamekufa, na wewe ndiye unayejihoji. Pengine Mama_Kihamba ametulia kwa kuwa alikuwa anamngoja mdogo wake aje na swali, akakutana na Kumi asiye na swali.

#24 Mama_Kihamba
Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hapo nikaweka simu chini.

Ni kweli nilikuwa namngoja. Nikiwa Marangu usiku wa mazishi, nilipokuwa nalala chumba chake, nilikuwa nasikia migomba inasuguana nje na kila ikisuguana najiandaa kujibu.

#25 Mkate_wa_Mofa
Mimi naomba niwe upande mwingine, msinichukie. Nilimpoteza mwanangu, miaka sita. Rafiki akanipa kitabu hiki akisema kitanisaidia. Kilinikasirisha. Nilikitupa chini ya kitanda. Eti ukae na mtoto, umwangalie, unywe kahawa, umwache? Afadhali usinipe kabisa. Kinawatuliza waliopoteza mtu wakiwa wamegombana naye, kwa sababu wana la kumalizia. Mimi sikuwa nimegombana na mwanangu. Sina la kumalizia, nilitaka aendelee tu.

#26 Nesi_wa_Zamu
Pole, pole sana. Hakuna wa kukuchukia hapa.

#27 Mwana_Lubumbashi
Pole mama yangu. Umesema kitu ambacho hakuna aliyesema.

#28 MsomajiMkali
Mkate_wa_Mofa, ungesoma kitabu cha pili kinachofuata hiki labda ungeona mwandishi amefikia hapo. Kuna yule mwanamke wa gauni jeupe, mzimu anayekalia kiti na kusoma riwaya mchana kutwa, akienda msalani mara moja kwa siku ndipo kiti kinapatikana. Cha pili, Tales from the Cafe, kinasema yeye ni nani: ni mama yake Kazu. Alikwenda kuonana na mumewe marehemu, akashindwa kumwacha mpaka kahawa ikapoa. Na aliyemmiminia ni Kazu mwenyewe, ana miaka 7.

#29 Baba_Pendo
Mkuu! Wengine ndiyo kwanza tuko hadithi ya pili! Ungetuonya!

#30 MsomajiMkali
Samahani sana, nilijisahau. Ila fikiria: msichana yule tangu utotoni anamjazia mama yake kikombe kila siku na hawezi kumwambia neno likasikika. Na wewe #1 ulisema hakikuandikwa vizuri? La, mimi ndiye niliyesema. Naanza kukirudia leo.

#31 Bint_Malindi
Mgahawa mzima umejengwa juu ya mtu aliyevunja sharti kwa mapenzi. Hapo nimekosa la kusema. Nilidhani sharti liko kutulinda, kumbe limeandikwa kwa mfano wa mtu wao.

#32 Mkate_wa_Mofa
Asanteni. Huyo mama namwelewa. Nitakitoa chini ya kitanda, sisemi nitakisoma.

#33 Mama_Kihamba
Wakuu, nimetoka Marangu juzi. Nilikwenda na kitabu. Binti wa marehemu mdogo wangu yuko kidato cha pili, Kiingereza chake kizuri, amesoma hadithi ya Hirai kwa siku mbili akiwa anachunga moto wa bibi yake. Jioni akaniuliza: "Mama mkubwa, mbona Hirai hamwombi mdogo wake msamaha? Mbona anamwambia tu atarudi nyumbani?"

Sikuweza kumjibu. Mnaonaje?

#34 Nesi_wa_Zamu
Msamaha ungempa Kumi wasiwasi. Angejiuliza kulikoni. Mgonjwa ukimwomba msamaha bila sababu anajua kuna kitu unamficha.

#35 Mwalimu_Mstaafu
Au kwa sababu msamaha ni wa anayeomba, na ahadi ni ya anayeahidiwa. Kumi hakuwa akidai kuombwa radhi. Alikuwa anataka wafanye kazi pamoja katika nyumba yao.

#36 Msafiri_wa_Treni
Lakini ahadi kwa mtu unayejua atakufa baada ya saa chache, si udanganyifu?

#37 Mtafsiri_K
Hirai aliitimiza. Aliporudi kitini alifunga biashara Tokyo akaenda Sendai kuendesha ile nyumba ya wageni. Sharti linasema huku hakubadiliki kitu, na kweli Kumi hakufufuka. Aliyebadilika ni aliyetoka kitini.

#38 kahawachungu
Ahadi kwa maiti kwetu inabeba uzito kama wasia. Hata kama umeitoa mwenyewe hakukuuliza.

#39 Mama_Kihamba
Mimi sijaahidi kitu, na sijaacha kazi. Nimepanga kupanda kila mwisho wa mwezi. Kahawa iliyobaki kihambani ni mistari michache chini ya migomba, mingine tuling'oa zamani bei ilipoanguka. Mama bado anaitwanga mwenyewe kwenye kinu. Jumapili alinikaangia, ikaungua kidogo, tukainywa watatu barazani, binti akiwa ametia sukari vijiko vinne.

#40 Njombe_Baridi
Ilipoa dakika ya ngapi?

#41 Mama_Kihamba
Hatukuhesabu, mkuu. Ila yangu niliimaliza.

#42 Bint_Malindi
Binti mpelekee cha pili. Mwambie tu asimfungulie MsomajiMkali mdomo kabla hajamaliza.